Ndege mwenye mdomo wa kijiko anaisha duniani: nani anammaliza, wavu, ukuta au joto?

#1 Kipwa_na_Kujaa
Wakuu salaam. Juzi usingizi umegoma nikawa nazurura tu mtandaoni, nikakutana na picha ya ndege nikajua hapa kuna mtu kachezea picha. Kadogo kama shomoro, gramu 30 hivi, vimiguu vyeusi, alafu mdomo mwishoni umepanuka, kijiko kabisa, kama kijiko cha chai kilichokanyagwa na gari. Kumbe yupo kweli. Anazaa Chukotka, Urusi, kule mwisho wa Asia ambako ukivuka maji unaingia Alaska, baridi ikianza anashuka kilomita kama 8,000 kupitia Japani, Korea na China mpaka Myanmar, Bangladeshi na Thailandi. Tangu 2008 yuko kwenye lile kundi la mwisho kabisa la hatari, baada ya hapo ni kutoweka tu. Miaka ya 1970 walikadiriwa jozi 2,000 hadi 2,800, leo wamebaki ndege 200 dunia nzima. Mi msimamo wangu ni mmoja, hawa wanaliwa. Watu wa kule wanatega nyavu, wanauza, wanakula, basi. Mwenye hoja nyingine alete.

NB: kwa Kiswahili anaitwaje? Kuna mahali nimeona domomwiko.

#2 MzeeWaBamvua
Domomwiko unamjua wewe? Domomwiko ni dege refu jeupe limesimama kwenye maji pale Manyara au Nakuru, linachota na mwiko wake kama mpishi wa shughuli. Huyu wako anakaa kwenye kiganja. Hawana hata undugu. Huyo ni kitwitwi tu aliyezaliwa na kijiko.

#3 Darubini254
Mzee heshima yako lakini kitwitwi ni wale wa mdomo mfupi, wanakimbia wanasimama, wanakimbia wanasimama. Huyu ni chamchanga, wale wanaotembea wakidonoa donoa bila kupumzika. Mimi natembeza wageni Mida Creek, Watamu, mwaka wa kumi na moja huu.

#4 MzeeWaBamvua
Wewe umeanza kuwatazama miaka kumi na moja, mimi bibi yangu kaniambia hao wote ni vitwitwi na hakuwa na darubini.

#5 TakwimuTu
Mleta uzi umekimbilia. Hiyo 200 sio ndege, ni jozi, na ni ya zamani. 2009 walikadiria jozi 120 hadi 220. Utafiti uliotumia hesabu za 2014 ukaleta jozi 210 hadi 228, ukijumlisha na vijana ambao hawajaanza kuzaa jumla ilikuwa ndege 661 hadi 718. Msije mkasema wameongezeka, kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Kati ya 2002 na 2009 walikuwa wanapungua kama asilimia 26 KILA MWAKA, yani ukiwa na mia, mwakani una 74, mwaka unaofuata 55. Baadaye kasi imepungua lakini bado wanashuka.

#6 Kipwa_na_Kujaa
Nimekubali kosa la 200 mkuu, asante.

#7 Mkemia_wa_Kijiwe
Swali la kijinga. Ndege gramu 30, rangi ya matope, yuko kwenye matope, kutoka Urusi mpaka Myanmar, nani kamhesabu? Hapa mtaani kwetu sensa tu mtu anafichwa chumbani, sembuse ndege. Isije ikawa ni zile hesabu za kuombea hela.

#8 TakwimuTu
Sio la kijinga. Chukulia kuku. Una kuku wako wanachanganyika na wa mtaa mzima hujui wako wangapi. Unakamata 20 unawafunga kitambaa chekundu mguuni unawaachia. Wiki ijayo unakaa kibarazani, kila kuku anayepita unamwangalia mguu. Wamepita 50, wenye kitambaa 5. Yani kwa kila kuku kumi mmoja ana kitambaa, na vitambaa ulifunga 20, basi mtaani kuna kuku kama 200. Ndo hivyo hivyo, ndege anavishwa kibendera cha plastiki mguuni kina herufi na namba, alafu watu wanakaa na darubini kubwa pwani ya Jiangsu, China, ambako wengi wanasimama kati ya Agosti na Oktoba kubadilisha manyoya, wanahesabu wenye bendera na wasio nayo. Kuna makosa ndani yake, ndo maana wanasema 661 HADI 718.

#9 Mkemia_wa_Kijiwe
Kuku akifa na kitambaa chake?

#10 TakwimuTu
Hilo nalo linaingizwa kwenye hesabu, usinichoshe.

#11 Mama_Uduvi
Mi namuunga mkono mleta uzi kwa nusu. Nilishawahi kufanya kazi na watu wa mazingira, sio kule lakini hizi habari tulikuwa tunasomeshana. Ghuba ya Mottama huko Myanmar ndo inabeba karibu nusu ya hao ndege wakati wa baridi. Wategaji walikuwa wanatandika nyavu nyembamba usiku kwenye matope, na shabaha yao sio huyu. Huyu hana nyama, utamla nini, ukimchuna unabaki na kijiko. Wanawataka wale wakubwa wakubwa wa kuuza sokoni, ila wavu haubagui. Sasa sikilizeni hapa pabaya. Vifaranga wakishakua wanashuka kusini na mwaka wa kwanza HAWARUDI Urusi, wanabaki huko huko kwenye matope mpaka wafikie umri wa kuzaa, miaka kama miwili. Yani mkubwa anapita kwenye hatari kwa miezi kadhaa, mtoto anaishi ndani yake mwaka mzima. Ndo maana kule Chukotka walikuwa wanaona wazee wale wale wanarudi na vijana hakuna. Ni kama shule ambayo darasa la kwanza halijazi watoto, walimu wapo, la saba wapo, afu siku moja unagundua shule imekwisha.

Na walipokaa na wale wategaji wakawapa zana za uvuvi na mtaji wa kufuga, wengi waliacha. Sonadia, Bangladeshi, vilevile, na baadhi ya waliokuwa wanatega ndo wakageuka walinzi.

#12 Kipwa_na_Kujaa
Si ndo nilichosema? Uzi ufungwe 😂

#13 Chumvi_ya_Gongoni
Usifunge kwanza nina kesi yangu. Mimi nimekulia pwani, tukiwa wadogo tulitega hawa. Unachukua uzi wa nailoni wa mshipi, unafunga vitanzi kama ishirini kwenye kamba moja, unapigilia vijiti viwili pale maji yanapoishia kupwa, unajifukia nyuma ya mkoko unangoja. Wanakuja wanakimbia na povu la maji, mmoja mguu umeingia, anaruka, kamba inamrudisha. Ukimshika hana uzito, ni manyoya na joto tu, na moyo unaenda kasi mpaka unausikia kwenye vidole kama simu inatetemeka. Tulikuwa tunachoma watano sita kwa mtu mmoja na hushibi. Sasa mbona wetu hawakuisha? Kijiji kizima watoto tulitega. Kwa hiyo mtego peke yake mi nakataa.

#14 MzeeWaBamvua
Hawakuisha kwa sababu mlikuwa hamjui kutega.

#15 Chumvi_ya_Gongoni
Mzee 😂😂

#16 Mama_Uduvi
Jibu lako ni rahisi kaka, nyie mlikuwa mnatoa ndege kwenye kundi la malaki. Ukitoa kumi kwenye laki hakuna anayejua, toa kumi hao hao kwenye mia sita. Na kitanzi cha mtoto sio wavu uliotandikwa matope nzima usiku kucha.

#17 Busan_Mbeya
Nimechelewa kuingia. Nasoma Korea Kusini, na nashangaa mpaka post ya 16 hakuna aliyetaja Saemangeum. Mmekazana na nyavu wakati huku walijenga UKUTA baharini. Kilomita 33, Posta mpaka unakaribia Kibaha, ukaziba midomo ya mito miwili, ukafungwa 2006. Ndani yake matope na maji ya kama hekta 40,000. Hapo ndo palikuwa sehemu kubwa kabisa ya hawa ndege kupumzika Korea. Wale chamchanga wengine wakubwa zaidi, makumi ya maelfu walikuwa wanatua pale, baada ya ukuta wakapungua, na walipotafutwa kwenye matope mengine ya jirani hawakukutwa wamehamia huko. Hawakuhama. Watu wanadhani ndege akifukuzwa anaenda kwa jirani, kwa jirani nako kumejaa.

Nimepita pale na basi, njia iko juu ya ukuta, kushoto bahari kulia maji yaliyotuama, huoni mwisho mbele wala nyuma. Ni pale pale lilipofanyika kongamano la maskauti wa dunia 2023, lile ambalo joto liliwashinda watoto, kisha tufani ikakaribia wakahamishwa kabla ya siku zake.

Na Bahari ya Njano yote kwa ujumla, China na Korea mbili, katika miaka 50 inakadiriwa imepoteza mpaka asilimia 65 ya matope yake. Sasa ndege anayeruka kilomita 8,000 ni kama basi la mkoani. Ukifunga kituo cha mafuta cha katikati huhitaji kumpiga risasi dereva.

#18 Kipwa_na_Kujaa
Aisee. Hapa umenipa kitu.

#19 TakwimuTu
Busan nakubali ukuta, lakini angalia tarehe. Asilimia 26 kwa mwaka inaanza kuhesabiwa 2002, ukuta umefungwa 2006. Na kasi imepungua baada ya watu kuzungumza na wategaji wa Myanmar karibu na 2010, wakati huo matope ya China yalikuwa bado yanafukiwa kila siku. Kama ukuta ndo muuaji mkuu kwa nini kasi ipungue?

#20 Busan_Mbeya
Ukuta ulianza kujengwa 1991 mkuu. Na kasi kupungua haimaanishi nyumba imerudi. Ukiacha kumpiga mtu aliyefungiwa bila chakula utaona afya yake imeimarika kidogo, bado ana njaa.

#21 TakwimuTu
Mfano sio ushahidi. Ila 1991 nilikuwa sijui.

#22 Xiaobei_Boy
Hodi wakuu. Mi nipo Guangzhou, mwaka wa saba, biashara ya nguo. Nataka kuthibitisha hoja ya mleta uzi, huku ndege wadogo wanaliwa SANA. Kuna wale wanaita ndege wa mpunga, vidogo vya manjano kifuani, walikuwa wanauzwa kama dawa ya nguvu za kiume, wakaisha kabisa. Mzee mmoja mwenye ghala jirani yangu anasema ujanani kwake wanaletwa kwa tenga. Hivyo China ndo mlaji.

#23 Darubini254
Boss huyo ni mwingine. Ndege wa mpunga wa Guangdong sio wa pwani, ni wa mashambani, anakula mbegu, na kweli yeye naye aliingia kundi la mwisho 2017 kwa kuliwa hivyo hivyo. Lakini mdomo wake ni wa kawaida, si kijiko. Umeleta maiti ya kesi nyingine.

#24 Xiaobei_Boy
😂😂 haya nimekosea chumba. Ila si bado ni huku huku? Leizhou, chini kabisa ya Guangdong, hao wa kijiko wanakaa baridi nzima na nyavu zilikuwepo. Zingine sio hata za kula, wafugaji wa chaza wanazitandika kuzuia ndege wasimalize makombe yao. Baada ya korona mwanzoni mwa 2020 serikali ilipiga marufuku kula wanyama pori wa nchi kavu, na vyakula vya ajabu ajabu mezani vimepungua, nasema kwa macho yangu.

#25 Mkemia_wa_Kijiwe
Chaza kuliwa na ndege wa gramu 30?

#26 Xiaobei_Boy
Sio yeye, ni wale wengine. Yeye anakula uduvi na minyoo midogo. Wavu haubagui, si mmeshaambiwa na Mama Uduvi.

#27 Baridi_ya_Oslo
Naomba niharibu sherehe. Ninyi wote mmebaki kusini. Mmejiuliza kaskazini kuna nini? Hawa wanazaa kwenye ukanda mwembamba wa pwani, sio tundra yote, wanataka zile ndimi za kokoto na vichaka vya chini karibu na bahari, pale kijiji cha Meinypilgyno ndo wanajulikana zaidi. Mayai manne. Jike akishaangua mara nyingi anaondoka mapema, dume ndo analea. Vifaranga siku hiyo hiyo wanatembea wenyewe, kadude kama nyuki dume na KIJIKO tayari kiko mdomoni, angalieni picha zake mtalia. Sasa kaskazini kunapata joto haraka kuliko sehemu nyingine za dunia. Theluji ikiyeyuka mapema wadudu wanatoka mapema, kifaranga anaangua chakula kimeshapita.

Kuna mfano uliopimwa kabisa kwa binamu yake, chamchanga mmoja mkubwa kidogo anayezaa Taimyr, Siberia, na kushinda Mauritania. Mwaka 2016 walionyesha vifaranga wa miaka ya joto wanatoka wadogo, midomo mifupi, wakifika Afrika wanataka chaza waliofukiwa chini mchangani, mdomo haufiki. Wanakufa njaa juu ya chakula. Tatizo limeanzia Siberia, maiti inaokotwa Afrika, na nyie mnamkamata mvuvi.

#28 Mama_Uduvi
Hii ya mdomo mfupi imenikaa.

#29 TakwimuTu
Imenikaa na mimi, lakini ni ndege mwingine na njia nyingine. Huyu wa kijiko hachimbi chini, anafagia fagia juu juu kwenye maji ya kina cha kucha. Mdomo ukipungua milimita mbili haina maana ile ile. Unachukua ushahidi wa kesi ya Mauritania unamfunga mtu wa Myanmar, ulivyofanya Xiaobei na ndege wa mpunga.

#30 Xiaobei_Boy
Mbona mnanirudia rudia mimi jamani

#31 Baridi_ya_Oslo
Sijasema ni ushahidi, nimesema ni mshukiwa. Na kuna wadogo wake wa mshukiwa, mbweha, shakwe, na mbwa wa kijiji. Meinypilgyno ina mbwa wanaozurura, na viota vya hawa ni shimo tu chini. Kwa kawaida kati ya mayai manne jozi moja haifikishi hata kifaranga kimoja kwenye kuruka. Ndo maana kuanzia 2012 walianza kuchukua mayai ya kwanza, wanaangua kwenye mashine, wanawalea kwenye kizimba mpaka wakiruka wanawaachia, na mama akiibiwa mayai mapema anataga tena. Wengine walipelekwa Slimbridge, Uingereza, 2011 na 2012, kuwa akiba kama wa porini wakiisha. Kule kuzaliana kuliwashinda miaka, mayai ya kwanza yalikuja 2016 na vifaranga hawakuishi.

#32 Mkemia_wa_Kijiwe
Yani dawa ya ndege kuisha ni kumuibia mayai na kumpeleka Uingereza. Na hapo mnataka nisiseme. Huyo ndege ana gramu 30 mmemfunga bendera, mmempachika kidude cha sateliti mgongoni, mmechukua mayai, kila mwaka watu kumi wamelala kifudifudi karibu na kiota na kamera. Mi ningekuwa yeye ningehama dunia.

#33 Mama_Uduvi
Unachekesha lakini kidude chenyewe ni gramu mbili hazifiki. Na ndivyo walivyojua vituo ambavyo hakuna mtu alikuwa anavijua.

#34 Mkemia_wa_Kijiwe
Gramu mbili kwa mwenye gramu 30 ni kama mi kubeba kilo tano mgongoni kutoka Mwanza mpaka China kwa mguu. TakwimuTu piga hesabu.

#35 TakwimuTu
Kwa uzito wa kilo 75 ni kilo tano kamili. Leo umepatia.

#36 Mkemia_wa_Kijiwe
SCREENSHOT.

#37 Busan_Mbeya
Kingine hamjagusa, nyasi. China 1979 walileta nyasi za maji ya chumvi kutoka Marekani kuzuia mmomonyoko pwani. Zikapenda. Zimeota juu ya matope yenyewe mpaka ndege hawawezi kutua, hawa wanataka uwazi wamuone adui akija. Kwa hiyo kuna matope ambayo hakuna aliyeyafukia, yapo kwenye ramani kabisa, lakini kwa ndege ni shamba la miwa. 2022 serikali ya China ilianza mpango mkubwa wa kuzing'oa.

Na tuwe waungwana, China sio mkosaji tu. 2018 walitangaza kusimamisha ufukiaji wa pwani kwa ajili ya biashara, 2019 matope ya Jiangsu yakaingia urithi wa dunia, Korea wakafuata na yao 2021. Pale Tiaozini walichukua mabwawa ya samaki, mu 720 za Kichina, kama hekta 48, wakayatenga ili ndege wapate pa kusimama maji yakijaa. Maana maji yakijaa matope yote yanapotea, anahitaji pakavu pa kusubiri.

#38 MzeeWaBamvua
Hapo kwenye maji kujaa ndo mmeanza kusema. Sisi wa pwani tunajua ndege hana saa ila ana maji. Bamvua likijaa wanajazana kwenye kipande kimoja cha mchanga mamia, ukikijenga kile kipande hoteli umewafukuza wote japo matope yako pale pale hujayagusa.

#39 Mswahili_wa_Muscat
Asalaam aleikum. Nipo Oman tangu utoto. Huku tuna Barr al Hikman, matope ya chumvi makubwa mno, baridi inakaa na zaidi ya ndege nusu milioni wa namna hii. Huyo wa kijiko hafiki huku. Ila nataka kuwakumbusha jambo, mnamlilia wa kijiko wakati kuna sululu mmoja wa mdomo mwembamba, anazaa Siberia na kushinda Afrika ya kaskazini, mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ni Februari 1995 Merja Zerga, Moroko. Oktoba 2025 wametangaza rasmi hayupo tena. Miaka thelathini watu walikuwa wanakwenda kumtafuta kila pwani, pamoja na huku kwetu. Na yeye hakuwa na ukuta wa kilomita 33.

#40 Kipwa_na_Kujaa
Inna lillahi. Huyo aliuawa na nini?

#41 Mswahili_wa_Muscat
Wengine wanasema bunduki, wengine kulimwa nyika alizokuwa anazaa, wengine kukaushwa vinamasi. Aliisha kabla hawajajua hata viota vyake vilikuwa wapi hasa.

#42 BintiKisosora
Samahani nje ya mada, sululu si ile ya kuchimbia?

#43 MzeeWaBamvua
Ndo hiyo hiyo. Mtazame mdomo wake ulivyopinda utaelewa nani kaanza kuitwa.

#44 Darubini254
Turudi nyumbani basi. Mtu asome huu uzi akidhani ni mambo ya Wachina na Warusi. Pale Mida kuna chamchanga mmoja mdomo umepinda chini kidogo, akiwa anajiandaa kurudi Siberia Aprili anakuwa mwekundu kama matofali. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasimama kwenye lile daraja la kamba la mikoko na mgeni, namwambia hesabu hawa, anakata tamaa. 2024 huyo huyo amepandishwa daraja la hatari duniani, pamoja na mwenzake wa kijivu mwenye kwapa jeusi. Wale jamaa wa A Rocha, shirika la mazingira hapa Watamu, wanawafunga pete. Mida haijafukiwa, hakuna nyavu za ndege usiku, iko hifadhini. Na bado. Sasa nambieni kwa nini.

#45 Baridi_ya_Oslo
Kaskazini. Nimeshasema.

#46 Busan_Mbeya
Vituo vya njiani. Nimeshasema.

#47 Mama_Uduvi
Inaweza kuwa wamehamia tu fukwe nyingine? Mi naishi Dar, pale Daraja la Salenda maji yakipwa bado wapo, unawaona ukiwa kwenye foleni. Ila sijui kama ni wengi kama zamani, zamani nilikuwa siwaangalii.

#48 Darubini254
Hilo ndo shida yenyewe mama. Zamani hakuna aliyekuwa anawaangalia.

#49 Chumvi_ya_Gongoni
Mi niliwaangalia nikiwa na njaa 😂

#50 BintiKisosora
Kuna jambo dogo. Baba yangu alikuwa mvuvi Tanga. Alikuwa akiona hawa vitwitwi (au chamchanga, msinipige) wamejazana sehemu anasema pale chini kuna chambo, anaenda kuchimba hapo. Mwaka mmoja akawa anarudi na kopo tupu, analaumu ndege wamekwenda wapi, hawamuonyeshi. Sisi tulidhani ndege ndo wameleta uhaba. Nikisoma hapa nawaza labda chambo ndo kiliisha kwanza.

#51 TakwimuTu
Au vyote viwili vimefuata kitu cha tatu.

#52 MzeeWaBamvua
Huyu kijana hata ukimwambia jua limechomoza atataka mshukiwa wa tatu.

#53 Mkemia_wa_Kijiwe
Mimi nauliza tu, huyo wa kijiko akiisha kitapungua nini? Uduvi utaongezeka, si faida.

#54 Mama_Uduvi
Matope anayoyataka yeye ndo watu wa Mottama wanatoa samaki na kaa. Kule walipoacha kutega walirudi kuvua hapo hapo. Ila sina hamu ya kukubembeleza, kama kijiko hakikutoshi basi.

#55 Mkemia_wa_Kijiwe
Nimeangalia picha ya kifaranga. Sawa. Endeleeni.

#56 Xiaobei_Boy
Na tangu 2022 vita ya Ukraine imewabana, Waingereza na Warusi hawafanyi tena kazi pamoja kama mwanzo. Na Myanmar mapinduzi ya 2021. Yani ndege anazalia kwenye nchi yenye vita na kushinda kwenye nyingine yenye vita.

#57 Kipwa_na_Kujaa
Wakuu asanteni. Nilianza uzi nikiwa na jibu, sasa nina matano. Jumapili bamvua, maji yanapwa saa tano kasoro, nashuka pwani hapa kwetu na darubini ya kuazima nianze kuhesabu wa kwetu japo niwe na mwanzo. Nitaleta mrejesho.

#58 MzeeWaBamvua
Vaa viatu. Pweza hana mdomo wa kijiko ila kaa anao wa koleo.

#59 Kipwa_na_Kujaa
Mrejesho. Nimeingia matopeni mpaka magotini, kandambili moja imebaki huko mpaka kiama. Kundi la kwanza nimehesabu 41. Nikajitilia shaka nikarudia nikapata 56, hawatulii, wa nyuma anapita mbele, wa mbele anarudi nyuma, na wote rangi moja na tope. Ya tatu nilikuwa nimefika 38 na naona kabisa bado wengi, akatokea mbwa wa wavuvi anakimbia kwa furaha zake tu wakaruka wote, wakageuka mara moja hewani wakawa weupe, wakapotea upande wa mikoko. TakwimuTu niandike ngapi?

#60 TakwimuTu
Andika 41, 56, 38 na saa. Na mbwa mwandike.

#61 Baridi_ya_Oslo
Si niliwaambia mbwa.